Bei, Michikichi na Waziri Aliyejiuzulu

MREJEAJI: Edwin Mtei alikuwa na haki mwaka 1979, na Mwalimu Nyerere alikosea. Nayasema haya nikiwa mtu niliyekula ugali wa Tanzania tangu 1972, na simvunjii Nyerere heshima. Waziri wa fedha alimwambia rais wake kwamba hazina imekauka, kwamba bei ya shilingi iliyoandikwa benki haifanani tena na bei ya shilingi mtaani, na kwamba bila kuelewana na IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, nchi haitapata mafuta wala vipuri. Rais akakataa masharti. Waziri akajiuzulu. Hapa kwetu, kuanzia Uvira hadi Dar es Salaam, mnawajua mawaziri wangapi walioacha gari na walinzi kwa sababu ya hoja?

MWALIMU MSTAAFU: Kujiuzulu ni ujasiri, hilo sibishi. Ila mzee anasoma maisha ya Mtei kuanzia ukurasa wa mwisho. Mtu huyu alikuwa gavana wa kwanza wa Benki Kuu ya Tanzania, kuanzia 1966 hadi 1974. Azimio la Arusha lilipotangazwa Februari 1967, mabenki yakataifishwa ndani ya siku chache, na yeye yumo kwenye kiti. Ule udhibiti wa fedha za kigeni mnaousema ulimkera akiwa waziri, ulikazwa yeye akiwa gavana. Kisha 1974 akawa Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na 1977 Jumuiya ikavunjika yeye akiwa hapo hapo. Huyo ndiye baba wa soko huria?

MREJEAJI: Jumuiya waliivunja wakubwa watatu waliokuwa hawakai meza moja, Amin wa Uganda na Nyerere hawakutaka hata kuonana. Katibu angefanya nini, awafunge kamba?

MWALIMU MSTAAFU: Angalau asingesifiwa kwa kila kilichonyooka na kusamehewa kila kilichopinda. Nikuulize jambo moja zito zaidi. Mwaka 1976 na 1977 bei ya kahawa ilipanda sana duniani, Brazili ilikuwa imepigwa na jalidi. Tanzania ikapata dola. Wakubwa wa Washington wakasema akiba imekuwa nyingi mno, fungueni milango, acheni watu waagize bidhaa. Mwaka 1978 milango ikafunguliwa. Akiba ikayeyuka. Oktoba mwaka huo Amin akaingia Kagera, na serikali ikaenda vitani ikiwa na mfuko mtupu. Waziri wa fedha wa 1978 alikuwa nani?

MREJEAJI: Mtei.

MWALIMU MSTAAFU: Ahsante.

MREJEAJI: Usishukuru mapema. Ule haukuwa uhuria, ilikuwa ruhusa ya msimu mmoja. Kilimo kilikuwa kimebanwa na bei za serikali, shilingi imeshikiliwa juu, halafu unafungua mlango wa kuagiza tu. Mtu yeyote mwenye akili ataagiza kila anachoweza kabla mlango haujafungwa tena, kwa sababu dola anapewa kwa bei ya chini. Mimi nilikuwa Katumba, makazi ya wakimbizi upande wa Mpanda, kijana wa kulima mahindi. Mahindi yetu mnunuzi halali alikuwa mmoja, NMC, Shirika la Taifa la Usagishaji. Bei haikupangwa na sisi wala na mnunuzi wa Mpanda, ilipangwa Dar es Salaam. Ukiyapeleka kwa mtu mwingine wewe ni mlanguzi. Tume ya Bei, tangu 1973, ilikuwa inapanga bei za maelfu ya bidhaa, na kila bidhaa iliyopangiwa bei ilikuwa kama imepewa likizo: sabuni, sukari, mafuta ya kupikia, betri, zote zilitoweka dukani. Ukizitaka unazikuta nyuma ya nyumba ya mtu.

MUUZA MAWESE: Kwa bei gani?

MREJEAJI: Kwa bei yake halisi. Ndiyo maana nasema, bei haiulizi jina la mtu. Ukiifukuza mbele ya duka inaingia kwa dirisha la nyuma, na pale dirishani anayehudumiwa ni yule anayejulikana.

MUUZA MAWESE: Hilo la dirisha nakukubalia. Hapa Magara, kwetu Burundi, tunalijua kwa sukari, tunalijua kwa petroli. Gari linalopeleka mapipa yangu Bujumbura kwa barabara ya Ziwa Tanganyika linaweza kukaa siku nyingi linangoja mafuta kituoni, na huku bidoni zinapita usiku. Bei ya kituo imeandikwa vizuri kabisa kwenye ubao. Petroli ndiyo haipo.

MREJEAJI: Basi wewe ni mtu wa Mtei.

MUUZA MAWESE: Ngoja kwanza, usinisajili. Mei 2023 BRB, benki kuu yetu ya Burundi, iliposhusha faranga, dola ya benki ikatoka kwenye elfu mbili na kidogo ikaruka hadi karibu 2,800. Julai IMF wakaidhinisha mkopo. Tukaambiwa sasa dola zitapatikana, bei ya benki na ya mtaani zitakaribiana. Mimi nilikuwa na mtaji wa kununua chikichi, naungoja msimu. Pesa hazikupungua hata noti moja, lakini mapipa, magunia, nauli, vyote vikapanda juu yake. Na baada ya hapo dola ya mtaani ikakimbia tena, ikaiacha ya benki mbali, mara mbili na zaidi. Sasa huyo Mtei wako, dawa yake si ndiyo hiyo hiyo? Shusha pesa, ngoja wakopeshaji?

MREJEAJI: Mama, dawa nusu siyo dawa. Nikuulize na mimi. Kabla ya Mei 2023, ile dola ya elfu mbili, wewe uliwahi kuipata?

MUUZA MAWESE: Mimi? Niipate wapi?

MREJEAJI: Nani aliipata?

MUUZA MAWESE: Wenye barua.

MREJEAJI: Basi hapo ndipo hoja yote ya Mtei ilipo. Pesa ya nchi ikishikiliwa juu, mkulima wa kahawa na mvuvi wanalipwa kwa bei ya uongo, na mwenye barua anapewa dola rahisi, anaagiza, anauza kwa bei ya mtaani. Tofauti inaingia mfukoni. Watu wanaona kushusha faranga ndiko kulikowaumiza, kumbe walikuwa wanaumizwa kila siku kabla ya hapo, polepole, bila tangazo.

MWALIMU MSTAAFU: Maelezo mazuri, na yana ukweli ndani. Lakini hayatoshi kumfanya Nyerere mjinga. Mwaka 1979 nchi imetoka vitani, mafuta yamepanda duniani, Jumuiya imekufa na Tanzania inalazimika kujijengea shirika la ndege, posta na reli peke yake. Halafu unakuja ujumbe unaomwambia rais apunguze matumizi, asipandishe mishahara, ashushe shilingi. Nyerere aliwaambia mabalozi mwanzoni mwa 1980, kwa kuwauliza, ni lini IMF ilifanywa wizara ya fedha ya dunia nzima. Swali hilo bado halijapata jibu. Mtei aliliepuka. Na miaka michache baadaye, 1982, akaketi Washington ndani ya bodi ya hao hao, mkurugenzi mtendaji akiwakilisha kundi la nchi za Afrika, hadi 1986. Ninyi mnasema uhuru. Uhuru wa nani, kama bajeti ya nchi inaandikwa na mtu asiyepigiwa kura na yeyote?

MREJEAJI: Alikaa kwenye bodi kwa niaba ya Afrika, hakwenda kuwa karani wao. Lakini tufanye hesabu badala ya kutukanana. Mwaka 1979 dola moja ilikuwa shilingi nane na senti. Mtei alikuwa tayari kwa hatua. Januari mwaka ule ule shilingi ilikuwa tayari imeshushwa kwa asilimia 10 na mbingu hazikuanguka. Nyerere akagoma. Miaka saba ikapita. Mwaka 1983 waziri mkuu Sokoine akaanza msako wa wahujumu uchumi, nikaona kwa macho yangu watu wakitupa sabuni na vitenge porini wasikutwe navyo, nchi ambayo haina sabuni! Mwaka 1986 Rais Mwinyi akasaini na IMF, na dola katika miezi michache ikatoka shilingi 17 hivi hadi 40. Kilichokataliwa kikiwa hatua kikaja kikiwa kishindo. Aliyelipa gharama ya ile miaka saba ni nani? Siyo waliokuwa Ikulu.

MWALIMU MSTAAFU: Na baada ya kishindo? Shule za msingi za Tanzania, zilizokuwa zimekaribia kuwapata watoto wote mwanzoni mwa miaka ya 1980, zikaanza kuwapoteza. Michango hospitalini, ada shuleni. Mpaka ada ikafutwa tena mwanzoni mwa miaka ya 2000. Sisi hapa Burundi tulisaini masharti mwaka huo huo, 1986, wakati wa Rais Bagaza. Nilikuwa darasani. Mshahara wangu niliuona unavyopungua bila kupunguzwa.

MWANDISHI: Naingilia mara moja, kwa sababu msomaji asiyemjua Mtei atadhani mzee huyu na mwalimu wanazungumzia watu wawili. Alizaliwa Marangu, Kilimanjaro, mwaka 1932, akachunga mbuzi utotoni, akasoma hadi Makerere. Alipotoka Washington alirudi kulima kahawa Arusha. Mwaka 1992, vyama vingi viliporuhusiwa, alikuwa mwenyekiti mwanzilishi wa CHADEMA, chama kilichotaka serikali ijitoe katika biashara na mikoa ipewe madaraka. Aliongoza hadi 1998. Hakugombea urais; mwaka 1995 chama chake kilimuunga mkono Augustine Mrema wa NCCR-Mageuzi. Na kuna kipande ambacho pande zote mbili hapa zinakiruka: aliongoza tume ya rais iliyochunguza mapato, kodi na matumizi ya serikali, ikatoa ripoti 1991. Mtu wa soko huria aliyetumwa kutafuta njia bora ya kukusanya kodi! Kwa macho yangu hicho ndicho kipande kinachomweleza vizuri kuliko barua ya kujiuzulu. Nawarudishia.

MVUVI: Mimi ni mdogo hapa, shikamooni. Nimesikiliza, na maneno yote haya ya mzee yananiingia nikiwa nchi kavu. Nikiingia majini yananitoka. Ziwa halina mwenyewe. Mchana kokoro linavutwa ufukweni, usiku taa kila upande, na kila mtu anafuata bei yake huru. Ndagala wanavuliwa wakiwa kama sindano. Mukeke wa siku hizi ukimweka kwenye sahani anaona haya. Nchi nne, Burundi, Tanzania, Kongo na Zambia, zikakubaliana uvuvi ufungwe miezi mitatu kwa mwaka ziwa lipumzike. Tanzania 2024 walifunga kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Mtei angesema nini? Aachiwe kila mtu avue?

MREJEAJI: Angesema kitu kisicho na mwenyewe huharibiwa. Hiyo siyo hoja dhidi ya uhuria, ni hoja ya kumpa kila kitu mwenyewe. Ufukwe wa Magara ungekuwa wa wavuvi wa Magara, wangeulinda.

MVUVI: Na samaki? Ndagala akizaliwa kwetu akaenda kukulia Kongo, ni wa nani?

MREJEAJI: Hapo kuna ugumu.

MVUVI: Siyo ugumu, mzee, hapo ndipo maisha yangu yote yalipo. Mimi nimeikasirikia ile miezi mitatu kuliko mtu yeyote. Mwenye mtumbwi mkubwa ana duka, ana pikipiki, anafunga nyavu anakaa. Mimi kibarua wake sina kitu, na hakuna aliyeniuliza nitakula nini. Lakini siwezi kusema ziwa lisifungwe. Nikisema hivyo mwanangu atakuja kuniuliza mukeke ni mnyama gani. Nachotaka mimi ni wanaofunga wafunge kwa wote. Anayekamatwa ni mwenye mtumbwi wa kasia. Mwenye injini anapiga simu.

MWALIMU MSTAAFU: Kijana amesema kitu ambacho sisi wawili tumekipita. Kosa la serikali kubwa na kosa la soko huria yanamfikia yeye kwa njia ile ile, kupitia mtu mwenye simu.

MREJEAJI: Ndiyo maana namtaka afisa mwenye madaraka machache. Mwenye madaraka machache hana cha kuuza kwenye hiyo simu.

MVUVI: Na hana cha kumfanya mwenye injini vilevile.

MUUZA MAWESE: Tutoke majini. Mzee anapenda sana neno mali. Kila kitu kiwe na mwenyewe, mwenyewe aheshimiwe, serikali ikae mbali. Aseme basi mbele ya watu: mwenyewe wa michikichi ya Rumonge ni nani?

MREJEAJI: Unajua jibu langu.

MUUZA MAWESE: Nalijua. Nataka wengine walisikie.

MREJEAJI: Haya. Tarehe 29 Aprili 1972 maasi yalianzia huku kusini, Rumonge na Nyanza-Lac. Watu waliuawa. Kisha serikali ikalipiza kwa mauaji yaliyoenea nchi nzima. Sisi tukavuka kwenda Kigoma usiku, watoto tumezibwa midomo. Baba alikuwa ameacha michikichi aliyoipanda kwa mkono wake. Hakuiuza, hakuitoa. Serikali ikasema ardhi haina mtu, ikaigawa, ikaleta mradi wa mawese na miche mipya. Nilipokuwa Katumba nalaumu bei ya NMC, huku kwetu watu walikuwa wanavuna. Mama, uniambie wewe: kama siyo Mtei wala soko, ni kitabu gani kitakachoniita mwenye mali?

MUUZA MAWESE: Na baba yangu alipewa kimoja cha vipande hivyo. Hakuiba. Hakumfukuza mtu. Alipewa karatasi na serikali iliyokuwepo, akang'oa mizee, akapanda mipya, akalipa deni la miche kwa kukatwa kwenye mawese yake, mwaka kwa mwaka. Sheria ya nchi ikasema anayekaa juu ya ardhi miaka 30 bila kusumbuliwa ni mwenyewe. Sisi tukaipita hiyo miaka. Ukija na soko lako huria utatukuta na karatasi, jasho na sheria. Wewe una nini?

MREJEAJI: Nina baba.

MWALIMU MSTAAFU: Hapa ndipo siasa ya Mtei inapokwama, na nasema kwa huzuni, siyo kwa ushindi. Uhuria unaanza kazi ukishajua nani anamiliki nini. Haujui kuanza kabla ya hapo. Kwetu swali lilikuwa ni hilo la kabla. Na angalia nani alilijibu, hata kama kwa kigugumizi. Nyerere huyo huyo mnayesema alikosea kwenye shilingi ndiye aliyetuketisha Warundi kwenye mazungumzo ya amani Arusha mwaka 1998, akafariki Oktoba 1999 kazi haijaisha, Mandela akaichukua. Mkataba wa Agosti 2000 ukaandika kwamba mkimbizi arudishiwe mali yake, na ikishindikana alipwe fidia. Haki yako ya mali, mzee, haikutoka sokoni. Ilitoka kwenye meza ya wanasiasa.

MREJEAJI: Ilitoka kwa baba yangu. Meza iliikubali tu.

MWALIMU MSTAAFU: Na nani aliyeipima? Tume ya ardhi, CNTB, iliyoanza 2006. Mwanzo walihimiza familia mbili zigawane nusu kwa nusu, watu wengi huku wakagawana. Kuanzia 2011 upepo ukageuka, wakasema arudishiwe aliyeondoka, yote. Waliokuwa wamegawana wakarudi kugombana. Mwaka 2014 ikaundwa na mahakama maalumu juu yake. Kila hatua ni serikali. Wewe unayetaka serikali ikae mbali ndiye uliyebisha hodi mlangoni kwake mara nyingi kuliko sisi wote hapa.

MREJEAJI: Nilibisha kwa sababu ndiyo iliyochukua. Mwizi akirudisha ng'ombe hafungiwi mlango ati kwa sababu ni mwizi. Wala msinifundishe Mtei. Mtu aliyeongoza tume ya kodi hakutaka serikali ife. Alitaka iache kuuza sukari ishike kazi yake: ipime mpaka, iandike hati, ihukumu, isiiguse pesa ya mtu. Ingelifanya hilo hapa mwaka 1972, mimi na mama huyu tungekuwa majirani tu.

MUUZA MAWESE: Ingelifanya hilo, baba yangu angebaki kibarua wa baba yako.

MVUVI: Hapo mzee amenyamaza.

MREJEAJI: Sijanyamaza, nafikiri. Inawezekana. Sikatai. Lakini kibarua anaweza kununua. Kazi ya miaka kumi, anapata kipande chake, kwa bei wanayokubaliana.

MUUZA MAWESE: Kwa mshahara wa kibarua wa michikichi? Umewahi kuuona? Mwalimu, nchi yoyote unayoijua, kibarua alishanunua shamba la bwana wake?

MWALIMU MSTAAFU: Wapo. Siyo wengi. Mara nyingi kulikuwa na serikali nyuma iliyomkopesha.

MUUZA MAWESE: Si ndiyo ile ile iliyomkopesha baba yangu miche?

MREJEAJI: Miche ilikuwa yake. Ardhi haikuwa ya kukopesha.

MVUVI: Sasa nyinyi wawili mnaendaje? Kesi si bado ipo?

MUUZA MAWESE: Ipo. Na mimi nusu sitoi, niseme wazi, kwa sababu nusu ya shamba lile haiwezi kulisha nyumba moja wala nyingine. Ila wanangu hawataki mawese, mmoja yuko Bujumbura, mwingine Kigoma. Siku nikichoka nitauza. Na nikiuza, mzee, wewe ndiye nitakayekuita kwanza. Kwa bei ya soko.

MREJEAJI: Bei ya soko? Nilinunue shamba la baba yangu?

MUUZA MAWESE: Si ulisema bei haiulizi jina la mtu?

MREJEAJI: Nilisema hivyo kuhusu sukari.